Ile Pikapu Niliwaambia Inakuja Kenya? Haiji. Wacha Nieleze

Wasee, wacha nianze na msamaha, halafu tuongee magari.

Mwaka jana niliweka video ya dakika nne yenye kichwa "Gari Itakayoua Probox Kenya". Gari yenyewe ilikuwa Ford Maverick, ile pikapu ndogo ya Wamarekani. Milango minne, inaendeshwa kama saluni, haibridi, inakunywa mafuta kidogo, na ilipotangazwa mwaka 2021 bei ilianzia dola 19,995. Nilipiga hesabu ya haraka haraka, nikaweka muziki, nikapaza sauti. Video ikaenda. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, kontenti ililipa kodi ya nyumba na bado nikajaza gesi. Mathe, ambaye tangu nirudi na sanduku langu kutoka hosteli alikuwa ananijibu "sawa" peke yake, alinipigia akaniambia kuna watu wa kanisa wamemwonyesha kijana wake kwa simu.

Dakika nne. Na katika hizo dakika nne zote sikusema usukani uko upande gani.

Sikusema kwa sababu sikuwa nimeangalia.

Ujumbe wa saa tano usiku

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe. Mwenyewe aliniruhusu nisimulie, bora nisimtaje jina.

"Habari mdogo wangu. Mimi niko Kitengela, nafuga kuku wa mayai. Gari yangu ni Vitz. Katikati ya wiki inabeba trei na chakula cha kuku, Jumapili inabeba watoto kanisani. Watoto wameanza kuambiwa wananuka. Nimeona video yako. Kuna broka amesema anaweza kuniletea hiyo Maverick ikiwa imetumika kidogo, salio nilipe pole pole. Anataka dipoziti ya laki tatu kufikia Ijumaa. Umeielezea vizuri sana. Nitume?"

Nitume. Hilo neno lilinitoa usingizi.

Nilikaa kitandani nikatafuta kile nilichopaswa kutafuta kabla ya kuwasha kamera. Haikuchukua hata dakika kumi. Maverick inaundwa Hermosillo, Mexico, na haijatolewa na usukani wa kulia. Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na gari ya usukani wa kushoto hairuhusiwi kuingizwa na kusajiliwa hapa kama gari ya kawaida, labda iwe ile ya kazi maalum kama ambulansi. Kwa hivyo laki tatu ingeenda, halafu moja kati ya mawili: gari haikuji kabisa, ama inakuja inakaa bandarini Mombasa ikikula pesa ya hifadhi kila siku huku mwenyewe akiendelea kupanga trei kwa kiti cha nyuma cha Vitz.

Nilimpigia asubuhi. Hakuwa ametuma. Nilimweleza yote, nikamaliza na "pole sana, dada". Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Sasa mdogo wangu, kama ulikuwa hujui, si ungesema hujui?"

Mimi sina digrii. Niliachana na chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda na masomo yenyewe yakiwa yamenichosha. Sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Kitu ninacho ni neno langu na simu yenye kioo kimepasuka. Neno likioza, nimebaki na simu.

Kwa hivyo hii hapa ni ile video tena, safari hii nikiwa nimefanya kazi ya nyumbani.

Kwanza, kwa nini niliamini

Sikuwadanganya kwa makusudi. Nilikuwa nataka iwe kweli.

Babangu alibeba kabichi kutoka Kinangop hadi Marikiti kwa Peugeot 504 pikapu, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa rangi ya chai. Kama hujawahi kuiona hiyo gari, muulize mtu yeyote aliyepita miaka arobaini. Mbele ilikuwa saluni kabisa: taa zile zile, dashibodi ile ile, kiti kinachokukumbatia. Nyuma ilikuwa kazi. Mzee alikuwa anasema inabeba kama punda na inatembea kama mheshimiwa. Anaondoka saa sita usiku na kabichi, anarudi asubuhi, mathe anamwaga maji ndoo tatu kule nyuma, na Jumamosi hiyo hiyo gari inapeleka watu harusini na riboni kwenye boneti. Mimi nilikaa katikati yao nikiwa mdogo, goti likigongana na gia.

Ilikufa kwa kutu. Sakafu upande wa dereva ilitoboka mpaka ukaona lami ikipita chini. Mzee akachukua mkopo wa sako, akanunua Probox, na hajawahi kuipenda. Anaiheshimu, ndiyo. Kupenda, hapana.

Kwa hivyo nilipoona Maverick, niliona 504 imefufuka. Hapo ndipo akili ililala na moyo ukachukua usukani, upande wowote ule.

Hii aina ya gari ni gani hasa?

Pikapu tulizozoea, Hilux, D-Max, Navara, zimejengwa kama lori dogo. Kuna chasisi, yaani ngazi ya chuma chini, halafu bodi inawekwa juu na kufungwa kwa bolti. Hiyo ngazi ndiyo inaipa nguvu ya kubeba tani na kuvuta trela, na ndiyo inafanya uruke kama mbuzi ukiwa huna mzigo kwenye barabara mbaya.

Pikapu ya kisaluni haina hiyo ngazi. Bodi yenyewe ndiyo mfupa, kama Vitz au Mazda Demio. Watengenezaji huchukua gari ndogo ama SUV ambayo tayari wanaitengeneza, wanakata nyuma, wanaweka kitanda cha mizigo. Maverick imekaa juu ya mifupa ile ile ya Ford Escape na Bronco Sport. Hyundai Santa Cruz ni binamu wa Tucson. Faida: ni nyepesi, mafuta kidogo, inaegesheka mjini, haikuchoshi. Hasara: usiibebeshe mawe ya msingi kila siku.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko babu zetu wengi. Huko Australia wanasimulia kwamba mke wa mkulima fulani wa Gippsland, Victoria, aliwaandikia Ford akitaka gari ya kumpeleka mumewe na yeye kanisani Jumapili bila kulowa, na Jumatatu hiyo hiyo ibebe nguruwe sokoni. Kijana mmoja mhandisi wa kiwanda cha Geelong, Lew Bandt, akaichora, na mwaka 1934 ikatoka. Waaustralia wakaiita "ute".

Nilipomsomea yule dada wa Kitengela hiyo hadithi kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Nguruwe na kuku, Australia na Kitengela, karibu miaka tisini katikati, na shida ni ile ile: kanisa Jumapili, mzigo Jumatatu, gari moja.

Marekani: soko lilikuwepo, gari ndiyo haikuwepo

Wamarekani wanapenda pikapu kubwa kama sisi tunavyopenda nyama choma. Lakini hiyo si sababu pekee ya wao kukosa pikapu ndogo kwa miaka mingi. Sababu nyingine ni kuku. Sichezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi ziliwekea kuku wa Marekani ushuru mkubwa. Marekani ikakasirika, na Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwa vitu vichache kutoka nje, vikiwemo brandi na malori madogo. Ulianza kufanya kazi mwaka 1964. Ule wa brandi uliondolewa baadaye. Ule wa malori na pikapu uko mpaka wa leo, na watu wa magari bado wanauita ushuru wa kuku.

Fikiria wewe ni kampuni ya Japani unataka kuuza pikapu ndogo ya bei nafuu Marekani. Faida yako ni nyembamba, halafu unakatwa robo ya bei mlangoni. Subaru walijaribu ujanja: pikapu yao ya Brat ya mwishoni mwa miaka ya 1970 iliwekewa viti viwili vya plastiki kule nyuma kwa mizigo, vikitazama barabara unayotoka, ili ihesabiwe kama gari ya abiria. Watu wakakaa hapo upepo ukiwapiga, serikali ikakosa pesa yake. Rais Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na moja shambani kwake.

Baadaye Subaru wakarudi na Baja, iliyotoka kama modeli ya 2003. Haikufika mbali, kufikia 2006 walikuwa wameiondoa. Ilikuwa gari ya kupigia picha na baiskeli ya milimani juu. Bei yake haikuwa ya mtu wa kazi, na kitanda chake hakikuwa cha mtu wa kazi.

Sasa ona kilichotokea mwaka 2021. Maverick na Santa Cruz zilitoka karibu wakati mmoja. Santa Cruz ni nzuri, ndani ni sebule, na waliiuza kama gari ya mtu wa kutalii wikendi. Maverick ya chini kabisa ilikuwa na magurudumu ya chuma, plastiki ngumu ndani, na injini ya haibridi kama kitu cha kawaida, bila kulipia zaidi. Kitanda cha futi nne na nusu, uwezo wa kubeba karibu kilo 680.

Santa Cruz iliuza zaidi ya 36,000 kwa mwaka nchini humo 2022 na tena 2023, kisha ikateremka. Maverick iliuza zaidi ya 74,000 mwaka 2022, zaidi ya 94,000 mwaka 2023, na zaidi ya 131,000 mwaka 2024. Maagizo ya mwaka wa kwanza yalijaa mpaka Ford wakalazimika kuacha kupokea mengine Januari 2022.

Hapa ndipo mimi naona somo. Mwaka 2018 Ford walitangaza wanaacha kuuza saluni na gari ndogo Marekani: Fiesta, Focus, Fusion, zote kwaheri. Mtu wa dola elfu ishirini akabaki hana gari mpya ya Ford. Maverick ikaingia kwenye lile pengo. Watu wengi waliokuwa wakiinunua hawakuwa wanatoka kwenye pikapu kubwa kwenda ndogo. Walikuwa wanatafuta gari ya bei rahisi, na gari ya bei rahisi iliyobaki ilikuwa na kitanda cha mizigo nyuma. Nani atakataa?

Lakini sikia na upande wa pili. Ile bei ya 19,995 haikudumu. Kufikia modeli ya 2025 bei ya kuanzia ilikuwa imepita dola 26,000. Na mwaka huo huo 2025 ushuru mpya wa Marekani kwa magari yanayoundwa nje ukagusa hata yale ya Mexico. Gari iliyopata umaarufu kwa kuwa rahisi, ikiacha kuwa rahisi, inabaki na nini? Hapo ndipo hatari ya soko lake iko. Gari ikishindana kwa bei, siku bei inapopanda mteja anaanza kukumbuka kwamba alitaka saluni tu.

Brazil: huko si kichekesho, ni mfalme

Ukitaka kuona hii gari ikiwa nyumbani, enda Brazil. Fiat Strada ilianza 1998, imejengwa juu ya gari ndogo ya Fiat, na tangu 2021 hadi 2024 ndiyo iliyokuwa gari iliyouzwa zaidi nchini humo kila mwaka. Sisemi pikapu iliyouzwa zaidi. Nasema gari, saluni na SUV zote zikiwa ndani ya hesabu. Mwaka 2024 peke yake ziliuzwa zaidi ya 140,000. Volkswagen wana Saveiro tangu miaka ya 1980. Chevrolet wana Montana. Fiat wenyewe wakaongeza Toro mwaka 2016, kubwa kidogo.

Kwa nini Brazil imeweza? Wanaziunda pale pale, wanaunda nyingi, na wanauziana wenyewe. Fundi wa mabomba, muuza maua, kampuni ya umeme, wote wananunua ile ile. Kiwanda kikishajua kitauza laki moja kila mwaka, kinaweza kushusha bei ya kila moja.

Shida yetu na Strada ni ile ile: Brazil wanaendesha kulia, usukani uko kushoto.

Afrika Kusini: hapa ndipo roho iliniuma

Afrika Kusini wanaendesha kama sisi. Usukani kulia. Na wao walikuwa na hizi gari kwa miaka na miaka. Wanaziita "bakkie", zile ndogo za nusu tani: Ford Bantam, Nissan 1400, Opel Corsa Utility iliyokuja kuitwa Chevrolet Utility, na ya mwisho kabisa Nissan NP200. Hiyo NP200 ilikuwa na milango miwili, haina mapambo, inabeba kilo 800, na ilikuwa inaundwa Rosslyn, nje kidogo ya Pretoria.

Bantam iliisha 2011. Chevrolet ikaondoka 2017 General Motors walipofunga virago. NP200 ikabaki peke yake, soko lote likiwa lake, na ikauzwa vizuri mpaka mwisho. Mwaka 2024 Nissan wakaacha kuiunda, bila ya kuleta nyingine mahali pake.

Soma hiyo tena. Gari haikufa kwa kukosa wateja. Ilikuwa imezeeka, imejengwa juu ya teknolojia ya zamani ya Renault na Dacia, na kutengeneza mpya kunahitaji mabilioni ambayo mteja mmoja wa Afrika Kusini hawezi kuyarudisha peke yake. Brazil wanaweza kwa sababu ya wingi wao. Marekani wanaweza kwa sababu ya pesa zao. Sisi wa usukani wa kulia tumetawanyika, kila mmoja na soko lake dogo, na hakuna kiwanda kinachotuona kama kundi moja.

Sasa Kenya

Nilienda kumwonyesha Mzee hizi hesabu zote. Alikuwa nje anafunga turubai. Nikamwambia, "Baba, soko liko. Watu wanaitaka." Akaniuliza, "Mpya ama ya Japani?"

Hilo swali lake ndilo jibu lote.

Magari mapya yaliyouzwa Kenya mwaka 2023 hayakufika 12,000, na 2024 pia hayakufika, malori na mabasi yakiwa ndani. Ford waliuza Maverick peke yake, gari ya aina moja, Marekani peke yake, zaidi ya mara kumi ya magari yetu yote mapya mwaka huo wa 2024. Ukiwa mkubwa wa kampuni ya magari na unaangalia ramani, Kenya utaiona ukivaa miwani.

Wengi wetu tunanunua iliyotumika, na lazima iwe haijazidi miaka 8. Inatoka Japani zaidi. Maana yake ni kwamba ladha yetu inaamuliwa na Mjapani wa miaka saba iliyopita. Alichonunua yeye ndicho tutachagua sisi. Yeye hakununua pikapu ya kisaluni, kwa sababu kwao kazi hiyo inafanywa na vitu viwili: vile vilori vidogo vya injini ya cc 660 kama Suzuki Carry, vinavyobeba kilo 350, na gari za ofisi kama Probox.

Probox ilitoka Japani mwaka 2002 kama gari ya muuzaji wa kampuni, wa kuzunguka na sampuli. Kwenye vitabu vyao inabeba kilo 400. Sisi tukaipeleka Maua ikabebe miraa, tukaipeleka Kinangop ikabebe maziwa, tukaigeuza matatu ya watu tisa na mbuzi. Mjapani aliyeichora akiona picha atalia. Lakini ukweli ni kwamba Probox ndiyo pikapu ya kisaluni ya Kenya, ila imefunikwa juu.

Na ukitaka mpya je? Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, vyote vinapandiana mgongoni. Halafu benki inataka payslipu. Fundi wa mabomba hana payslipu. Mama wa mayai hana payslipu. Hao ndio wateja wenyewe wa hii gari! Brazil inauza Strada kwa watu kama hao. Hapa mtu anayeihitaji hakopesheki, na anayekopesheka anataka SUV ya kuenda nayo ruracio.

Kwa hivyo utabiri wangu, na safari hii naweka mikono yote miwili mezani: hiyo pikapu haikuji Kenya karibuni kutoka Marekani wala Brazil. Kule itaendelea, Brazil kwa uhakika, Marekani kama bei haitakimbia. Kwetu itakuja siku mtu atakapoiunda ya usukani wa kulia kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja, Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Afrika Kusini, na siku mkopo utakapopimwa kwa trei za mayai mtu anazouza. Mpaka hapo, yeyote anayekuambia "inakuja, tuma dipoziti", hata kama ni mimi, usitume.

Ukuta

Hadithi ya dada wa Kitengela haikuishia kwa simu. Nilimwomba nimlete Mzee aione kazi yake, akakubali. Mzee hakuangalia Vitz hata kidogo. Aliuliza maswali matatu: unabeba nini, mara ngapi kwa wiki, barabara gani. Akajibiwa: trei mia moja mara mbili kwa wiki, magunia sita ya chakula ya kilo 50, lami mpaka kilomita mbili za mwisho.

Mzee akapiga hesabu kwa vidole. Magunia, kilo 300. Trei mia moja, hazifiki 250. Havibebwi siku moja. "Uzito si shida yako," akamwambia. "Probox inatosha. Shida yako ni nini?"

Dada akasema, "Baba, shida yangu ni vumbi. Na harufu. Nataka kitu katikati ya watoto na kuku."

Mimi nilikuwa nimeongea dakika nne kuhusu haibridi, teknolojia, na kuua Probox. Mzee kwa maswali matatu alifika kwa jambo lenyewe. Alichokuwa akitafuta ni ukuta. Hiyo ndiyo maana ya pikapu kwa watu wengi ukiondoa mashindano ya nguvu: mahali pa watu hapa, mahali pa kazi pale, na mpaka katikati.

Alinunua Probox kutoka yadi, kwa pesa zake, hakuna deni. Fundi mmoja wa kuchomelea akatengeneza fremu nyuma ya kiti cha abiria, akaweka plaiwudi na kioo kidogo, akaziba pembeni na raba ya mlango. Kazi ya siku mbili. Alinitumia picha Jumapili, watoto watatu wamevaa nguo nyeupe, nyuma yao ukuta.

Ile video bado iko. Sikuifuta, kwa sababu kufuta ni rahisi sana. Nimebadilisha kichwa, na sekunde ya kwanza kabisa nimeweka sauti yangu nikisema usukani uko kushoto na gari haisajiliwi hapa. Watazamaji wamepungua. Kodi ya mwezi huu nimelipa kwa kumsaidia Mzee kubeba kabichi usiku mara mbili kwa wiki.

Juzi tukiwa Marikiti, saa kumi alfajiri, nilimuuliza kama 504 mpya ingekuwepo leo angeinunua. Alikuwa anahesabu pesa za kabichi kwa tochi ya simu. Akasema, "Nionyeshe kwanza usukani."